Kabla ya Mkataba: Utangulizi wa Desturi za Biashara nchini India

Mfanyabiashara wa Kitanzania anayekwenda India kwa mara ya kwanza haendi mikono mitupu. Sheria ya mikataba ya nchi yake imeundwa kwa kufuata ile ya India ya mwaka 1872, kwa hiyo wanasheria wa pande zote mbili wakizungumzia ofa, fidia au uwakala, wanaelewana. Kuhesabu kwa malaki amezoea. Khanga nyingi za madukani kwao huchapwa Jetpur, katika jimbo la Gujarat. Mbaazi za Babati na Lindi mlaji wake mkubwa ni Mhindi, ndiyo maana India ilipoweka ukomo wa kuziagiza mwaka 2017, bei iliporomoka hadi shambani kwa mkulima. Kinachompa taabu msafiri huyu ni yale yanayofanyika kabla karatasi haijatiwa saini, na somo hili linahusu hayo.

India haina desturi moja. Kwenye kampuni za programu za Bengaluru na Hyderabad utakuta kikao kimepangwa kwa kalenda, mazungumzo ni ya Kiingereza na mambo yanakwenda kama ofisi nyingine yoyote ya kimataifa. Sitakaa sana huko. Ninaanzia Gujarat, pamoja na Mumbai ambako Wagujarati wengi wanafanya biashara, kwa kuwa ndiko uliko mlango wetu wa zamani. Kutch na Kathiawar, maeneo ya Gujarat, ndiko walikotoka wengi wa matajiri wa Kihindi wa Zanzibar katika karne ya 19, akiwemo Tharia Topan aliyesimamia forodha ya Sultani.

Njoo kwanza Surat, mtaa wa Mahidharpura. Sehemu kubwa ya almasi za dunia hukatwa na kung'arishwa katika jiji hili. Wanaume wamesimama barabarani, wengine wameketi juu ya pikipiki zao, mmoja anafungua kikaratasi kilichokunjwa kwa ustadi na ndani yake kuna vijiwe vinavyometa. Mwenzake anachukua kimoja kwa kibano, anakitazama kwa lenzi, anataja bei. Wanavutana kidogo. Kisha kikaratasi kinakunjwa tena na kuondoka na mtu mwingine kabisa, dalali, anayekwenda kukionyesha kwa mnunuzi mtaa wa pili, mara nyingi bila stakabadhi yoyote. Mzigo wa kwenda Mumbai hupewa angadia, wasafirishaji wa jadi, nao hupanda treni ya usiku na mali ya thamani kubwa begini. Mwishoni mwa 2023 lilizinduliwa jengo kubwa mno la soko la almasi nje kidogo ya jiji, lakini Mahidharpura bado kuna watu.

Kinachomlinda mwenye mali ni kwamba dalali yule anajulikana. Ni mtoto wa fulani, kijiji chao kinajulikana, mjomba wake anafanya kazi ile ile. Akitoroka na almasi, jina linalochafuka ni la ukoo mzima, na milango itafungwa hata kwa ndugu zake ambao hawakuhusika.

Ukilishika hilo, adabu nyingi za India zitakueleweka bila kuzikariri. Utaulizwa kwenu ni wapi, una watoto wangapi, mzee wako alifanya kazi gani. Mgeni mwenye haraka huona anapotezewa muda, kumbe mwenyeji anatafuta kujua wewe ni mtoto wa nani na kama utarudi tena. Jibu kwa ukamilifu, nawe uliza. Chai itakuja, inywe. Duka la vitambaa likiwa na godoro jeupe sakafuni, vua viatu kabla hujapanda kuketi. Jina la mtu usilitaje likiwa tupu: kwa Wagujarati mwanamume huongezewa bhai na mwanamke ben, na ukifika Delhi tumia ji.

Palipo na hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenye kukataa. Mwenyeji hapendi kumkatalia mgeni usoni. Atasema "nitajaribu" au "tutaona", na kichwa kitayumba taratibu kulia na kushoto. Huko kuyumba maana yake aghalabu ni kwamba amekusikia. Usikuhesabu kuwa ameafiki bei. Usimbane kwa kumwuliza kama inawezekana, maana atakuambia inawezekana. Mwulize sampuli inatoka kiwandani siku gani, na nani atasimamia kupakia kontena. Akikosa kutaja siku wala mtu, jibu umeshalipata.

Mezani, Wajaini, yaani waumini wa dini ya Kijaini, hawali nyama wala mayai, na wengi wao hawagusi vitunguu wala viazi. Pombe imepigwa marufuku Gujarat tangu jimbo hilo lilipoundwa mwaka 1960, ingawa mgeni anaweza kuomba kibali. Kwa hiyo usibebe chupa kama zawadi, wala, kwa ajili ya Wajaini, mkoba wa ngozi. Ukialikwa harusini, weka kwenye bahasha rupia 501 au 1,101, usiache ile moja ya nyongeza: wenyewe husema ndiyo inayouendeleza uhusiano.

Usipange safari ya ununuzi wakati wa sikukuu ya Diwali. Mwaka wa kodi wa India huishia tarehe 31 Machi, lakini kwa wafanyabiashara wengi wa Gujarat vitabu vipya vya hesabu hubarikiwa siku ya Diwali. Daftari lenye jalada jekundu huandikwa Shubh na Labh, yaani heri na faida, na siku hizi kompyuta mpakato huwekwa kando yake zibarikiwe pia. Soko la hisa la Mumbai, lililoanzishwa mwaka 1875, hufunguliwa kwa saa moja hivi ili watu wanunue kwa bahati njema. Msimu huo karakana nyingi za Surat hufungwa na mafundi hurudi vijijini kwao. Piga simu ya kuwatakia heri, usitaje oda. Kama unadaiwa, lipa kabla ya Diwali.