Talaka Korea: Mama wa Nyumbani Naye Ana Chake

Wewe dada unayekesha na tamthilia za Kikorea, visa vya mama mkwe unavijua vyote. Ila hili huenda hulijui: hadi mwisho wa mwaka 1990, mwanamke wa Korea Kusini aliyeachika hakuwa na haki kisheria ya kudai mgawanyo wa mali. Angeweza kudai fidia ya maumivu tu, tena mpaka athibitishe kwamba mume ndiye mkosaji. Na watoto? Wazazi wasipoelewana, wanabaki kwa baba. Yaani umepika, umefua, umezaa, halafu unatoka na begi lako. Inauma, jamani!

Aliyelivalia njuga suala hili ni Yi Tai-young, mwanasheria wa kwanza mwanamke nchini humo. Mwaka 1956 alifungua kituo cha kuwasaidia kinamama kisheria, na mapambano yakachukua zaidi ya miaka 30. Sheria mpya ilianza Januari 1, 1991. Tangu hapo, mali iliyochumwa ndani ya ndoa inagawanywa hata kama jina la mke halimo kwenye hati, na kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Lakini dai lipelekwe ndani ya miaka miwili tangu talaka. Akizubaa, imekula kwake.

Bado kulikuwa na mfumo wa hoju, ambapo kichwa cha familia ni mwanaume. Mama aliyeachika angeweza kuishi na watoto na kuwalea, lakini kwenye makaratasi ni wa ukoo wa baba. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba iliukataa mfumo huo, ukafutwa rasmi Januari 1, 2008. Hata ile amri ya mwanamke kusubiri miezi sita kabla ya kuolewa tena (mwanaume hasubiri, eti!) iliondolewa 2005.

Sasa kesi ya matajiri. Mei 2024, Mahakama ya Rufaa ya Seoul ilimwamuru Chey Tae-won, bosi wa kampuni za SK, amlipe mkewe Roh Soh-yeong won trilioni 1.38. Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ikautengua mgawanyo huo na kuurudisha usikilizwe upya. Kisa? Won bilioni 30 zilizodaiwa kutoka kwa baba wa mke, rais wa zamani Roh Tae-woo, zilikuwa za hongo, hivyo haziwezi kuitwa mchango wa mke. Fidia yake ya maumivu, won bilioni 2, haikuguswa.