Mtoto akialikwa kwenye sherehe ya ‘wapagani’, uliza haya kwanza

Desemba iliyopita, saa tano usiku, niliingiziwa kwenye simu ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka kwa dada. Namwita dada kwa kuwa ni binti wa mama mkubwa. Anaishi Leicester, Uingereza, pamoja na mumewe na binti yao wa miaka minane.

Siku hiyo binti alirudi kutoka shuleni na kadi ya mwaliko. Rafiki yake wa darasani alikuwa amemwalika tarehe 21 Desemba kwenye mkusanyiko wa familia kadhaa msituni: kuota moto, kusikiliza hadithi na kula keki. Chini ya kadi mama wa huyo rafiki aliandika bila kuficha kwamba wao ni wapagani na hiyo ni sikukuu yao.

Dada alitaka kujua jambo moja. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, naandika mambo ya watoto kila wiki. Je, hawa si ndio wachawi? Amruhusu mtoto au amkatalie?

Nilimwomba siku mbili nisome. Niliyoyakuta nayaandika hapa kwa sababu wazazi wetu walio ughaibuni ni wengi, na kadi kama ile inaweza kuingia kwenye begi la mtoto yeyote.

Neno lenye uzito

Kwetu neno “mpagani” ni kama tusi. Ni mtu asiye na dini, hajabatizwa wala hajasilimu. Ndivyo walivyoitwa mababu zetu, na sisi tukalipokea neno bila kuuliza. Bibi yetu mzaa mama, kule Kilimanjaro, hakukosa ibada ya Jumapili mpaka anafariki. Lakini ndugu wakigombana, alikuwa wa kwanza kutafuta jani la isale ili mkosaji aombe msamaha. Hakuna aliyethubutu kumwita mpagani.

Ulaya na Marekani wapo watu waliolichukua neno hilo na kujiita wenyewe kwa hiari. Ni jina la jumla la imani nyingi. Baadhi zinafufua dini za Ulaya za kabla ya Ukristo. Nyingine zinaheshimu ardhi, jua, mwezi na majira kama vitu vitakatifu. Wamo Wadruidi, wamo wanaofuata miungu ya kale ya Skandinavia, na wamo watu wa Wicca, imani iliyotangazwa Uingereza na Gerald Gardner miaka ya 1950, baada ya sheria ya zamani ya uchawi kufutwa mwaka 1951.

Katika sensa ya mwaka 2021 ya England na Wales, watu wapatao 74,000 walijiandika kuwa wapagani na wengine 13,000 hivi wakaandika Wicca. Si wengi katika nchi ya mamilioni, lakini wana watoto, na watoto hao wanakaa dawati moja na wetu.

Watoto wao hufundishwa nini

Wengi wao wana sikukuu nane kwa mwaka, zinazofuata jua na majira. Ile ya Desemba, inayoitwa Yule, huangukia siku fupi kuliko zote mwakani. Siku hiyo Leicester jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Watoto huwasha mishumaa na kuambiwa kwamba kuanzia kesho mwanga unarudi. Mwishoni mwa Oktoba huwa na Samhain, siku ya kuwakumbuka waliofariki. Mtoto anaweza kuweka mezani picha ya babu yake na kusimulia habari zake.

Tofauti kubwa na sisi ni kwamba wengi wao hawana jengo. Kanisa lina shule ya Jumapili, msikiti una madrasa. Wao hukutana sebuleni, bustanini au msituni, hivyo wazazi wamelazimika kubuni mipango ya watoto kuanzia mwanzo.

Marekani, kanisa la Wicca liitwalo Aquarian Tabernacle Church, lililo katika jimbo la Washington, lilianzisha mwaka 1999 SpiralScouts, kundi mfano wa skauti. Wavulana na wasichana huwa pamoja, hujifunza kuishi porini, kazi za mikono na hadithi za kale za mataifa mbalimbali. Familia moja ikiwa peke yake mjini inaweza kuanzisha tawi dogo nyumbani.

Familia nyingine zimepata hifadhi katika makanisa ya Unitarian Universalist, ambayo mwaka 1995 yaliweka rasmi mafundisho ya imani zinazoheshimu dunia kuwa moja ya vyanzo vyao. Humo mtoto wa mpagani hukaa darasa moja la Jumapili na mtoto wa Mkristo au wa asiyeamini. Huko Wisconsin, jumuiya ya Circle Sanctuary iliyoanzishwa na Selena Fox mwaka 1974 huandaa mkusanyiko wa wiki nzima kila Juni, wenye ratiba ya watoto na vijana. Vijana wanaovuka kuingia utu uzima hufanyiwa sherehe yao. Anayejua jando na unyago hatashangaa.

Iceland ndiko mambo yalikokwenda mbali zaidi. Chama cha Ásatrúarfélagið, kinachofuata dini ya kale ya kisiwa hicho, kilitambuliwa na serikali mwaka 1973. Kijana anayetaka husoma maadili na simulizi za kale, kisha hufanyiwa sherehe, wakati wenzake Walutheri wanapata kipaimara.

Mtoto mchanga naye huombewa baraka na kupewa jina mbele ya jamaa. Hata hivyo wengi wao husema wazi kwamba baraka hiyo haimfungi. Akikua atachagua mwenyewe. Makundi mengi ya Wicca hayampokei mtu rasmi kabla hajatimiza miaka 18.

Hofu ya wazazi hao

Nilidhani nitakuta wazazi wanaotaka kuwavuta watoto wa wengine. Nilikuta wazazi wanaohofia wa kwao. Mtoto aseme nini mwalimu akiuliza Krismasi mlifanya nini? Akisema ukweli, atachekwa? Akificha, atakuwa amejifunza kuona aibu kwa ajili ya wazazi wake. Hofu hiyo anaijua kila mama wa Kiislamu aliyempeleka mtoto shule ya misheni.

Kuna kisa kimoja kilichofika mahakamani. Huko Indianapolis, Marekani, mume na mke wa imani ya Wicca walikuwa wakiachana. Mtoto wao wa kiume alikuwa anasoma shule ya Kikatoliki. Mahakama iliyovunja ndoa iliweka sharti ambalo hakuna kati yao aliyeliomba: wamkinge mtoto na imani na ibada zisizo za watu wengi. Wazazi hao, waliokuwa hawaelewani kuhusu ndoa, wakaelewana kulipinga sharti hilo. Agosti 2005 Mahakama ya Rufaa ya Indiana ililifuta.

Sheria ya jimbo hilo inampa mzazi haki ya kuamua malezi ya kidini, na mahakama inaweza kuingilia pale tu inapoonekana afya ya mtoto iko hatarini au makuzi ya hisia zake yataathirika vibaya.

Kipimo hicho nilikipenda. Hakiulizi kama dini ni ya wengi au ya wachache. Kinauliza: mtoto anaumia?

Hatari ya kweli iko wapi

Hatari ipo, na nisingekuwa mkweli kama ningemficha dada. Machi 2014 mwanamuziki aliyejulikana sana katika mikusanyiko ya wapagani Marekani alikamatwa New Orleans kwa makosa ya picha za unyanyasaji wa watoto, na mwaka 2017 akatiwa hatiani. Mjadala mkali ulizuka miongoni mwao. Wengine walisema dalili zilikuwapo na watu wakanyamaza, kwa kuwa jamii ni ndogo na hakuna aliyetaka iseme vibaya kuhusu mtu wake. Baada ya hapo mikusanyiko mingi ilijiuliza upya nani anakaa na watoto.

Mwandishi wa afya anaijua habari hiyo kwa sura nyingine. Makanisa makubwa yamepitia hayo, na madrasa, na shule za bweni, na vilabu vya michezo. Mdhalilishaji hatafuti dini fulani. Anatafuta mahali penye watoto, penye watu wazima wanaoaminiana bila kuulizana.

Hatari ya pili ni yetu wenyewe. Neno “mchawi” kwetu limeua. Kanda ya Ziwa bibi wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jiko. Na hofu hiyo husafiri na sisi. Siku ya Krismasi mwaka 2010, kijana wa miaka 15 mwenye asili ya Kongo alifia London mashariki, baada ya dada yake na mpenzi wa dada huyo kumtesa kwa siku kadhaa wakimtuhumu uchawi. Wote wawili walifungwa maisha. Ndiyo maana nilimwomba dada, lolote atakaloamua, asimwambie binti yake kwamba rafiki yake ni mchawi. Mtoto wa miaka minane atalibeba neno hilo hadi darasani.

Maswali matano

Nilimwandikia maswali haya. Yanafaa kwa mwaliko wowote wa dini yoyote: kambi ya kwaya, dawra ya Kurani, mkesha wa vijana au moto wa msituni.

1. Je, mzazi anaruhusiwa kubaki mwanzo hadi mwisho? Ukiambiwa hapana, mtoto asiende.

2. Nani anasimamia watoto, na amekaguliwa? England na Wales wanaofanya kazi na watoto mara kwa mara hukaguliwa rekodi zao za uhalifu kupitia DBS. Kuuliza si matusi. Hakuna mtu mzima mmoja anayepaswa kujitenga na mtoto asiye wake.

3. Mtoto anatakiwa kufanya nini wakati wa ibada, na anaweza kukataa? Kutazama ni tofauti na kuapa, kula kiapo au kuombewa. Mweleze mtoto mapema kwamba anaruhusiwa kusema hapana, hata kwa mtu mzima.

4. Kuna siri? Jambo lolote ambalo mtoto anaambiwa asimweleze mama au baba ni ishara ya kuondoka hapo hapo.

5. Usalama wa kawaida ukoje? Moto una mtu wa kuuangalia? Chakula kina karanga? Baridi itakuwaje, choo kiko wapi, nani anapiga picha na anaziweka wapi?

Ukishauliza yote na roho bado inakataa, una haki ya kukataa. Imani yako nayo ni sehemu ya malezi. Kataa kwa adabu, shukuru, na mwalike yule rafiki siku nyingine aje kwako ale wali.

Kilichotokea

Dada alituma maswali yale kwa mama wa rafiki, akiwa na wasiwasi kwamba atakasirika. Majibu yalirudi jioni ile ile, yote matano. Mzazi alitakiwa kubaki. Wasioshiriki wangekaa pembeni na chai yao wakati wa maombi, kisha wajiunge kwenye hadithi na chakula.

Alikwenda, akapika maandazi ya kupeleka. Wakati wenzao wamesimama kwenye duara, yeye na binti yake walikaa kwenye gogo. Anasema baridi ilikuwa kali kuliko jambo lingine lolote, na maandazi yaliisha kabla ya keki. Usiku walisali kama kawaida kabla ya kulala, na binti akauliza kama bibi wa Kilimanjaro naye alikuwa mpagani. Dada alimsimulia habari za jani la isale, jambo ambalo hakuwahi kumsimulia kabla.

Pasaka ilipofika, zamu ikageuka. Binti alimwalika rafiki yake kanisani kwenye igizo la watoto. Mama wa rafiki alishukuru kwa mwaliko, kisha akamtumia dada ujumbe wenye maswali matano: je, anaweza kubaki, nani anasimamia watoto, amekaguliwa, na mengine yote, kwa mpangilio ule ule.

Dada anakiri kwamba swali la pili hakuweza kulijibu. Alikuwa akimwacha binti yake kwenye darasa hilo la Jumapili kwa miaka mitatu na hakuwahi kuuliza. Ilibidi ampigie mchungaji.