Ada Haisubiri Giza

Karatasi ya ada ya shule binafsi jijini Mwanza, iwe ya Nyegezi, Igoma au Buswelu, haina siri. Juu imeandikwa jumla ya mwaka, chini yake awamu nne na tarehe za mwisho za kulipa. Mzazi akiipokea, macho hukimbilia jumla; akiona anaiweza, anachukua fomu. Mimi kazi yangu ni hesabu za kaya, na nikiletewa karatasi hiyo naanza na tarehe. Familia nyingi ninazoziona zikimtoa mtoto shuleni katikati ya mwaka zilikuwa na pesa ya ada. Hazikuwa nayo siku ile.

Tuanze na dagaa, kwa sababu ndio wanaolipa ada nyingi pembezoni mwa ziwa kuliko mishahara inavyopenda kukiri. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi hukaa nchi kavu siku kadhaa mpaka usiku uwe mweusi tena. Kipindi cha kuvua, usiku ukiwa mweusi, wavuvi wenyewe wanakiita giza. Januari 2026 mwezi ulikuwa mpevu tarehe 3. Pesa ya giza lililofuata ilianza kuonekana vizuri baada ya katikati ya mwezi, wakati shule zimeshafungua na mhasibu ameshaanza kusimama getini na orodha yake.

Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, aliwahi kunifungulia daftari lake. Hakuandika kwa miezi ya kalenda. Kila ukurasa ulikuwa giza moja: magunia yaliyoingia, yaliyochukuliwa na wateja wa Kongo, deni la mwenye mtumbwi, na mstari wa mwisho, kwa kalamu nyekundu, "shule". Kwenye kurasa mbili za masika mstari huo ulikuwa mtupu. Mvua ikishika, dagaa hawakauki. Wakivunda huishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Na awamu ya pili ya ada huangukia huko huko, Aprili.

Mfugaji wa Magu au Kwimba ana tatizo lile lile kwa sura nyingine. Ng'ombe wake huwa amenona baada ya masika, lakini humpeleka mnadani Januari, pamoja na kila mwenye mtoto wilayani, na mchuuzi anajua fika kwa nini wote wamekuja. Angeuza Juni na kulipa awamu mbili kwa mpigo, ng'ombe yule yule angesomesha siku nyingi zaidi. Mtumishi wa umma ana nafuu ya tarehe, maana mshahara unajulikana siku yake; wake ni mfinyu tu. Kima cha chini serikalini kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 Julai 2025, kabla ya makato.

Pengo kati ya tarehe ya shule na tarehe ya pesa ndipo mkopeshaji wa kausha damu anapopatia riziki. Tuseme ada ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kila awamu, na mzazi anakopa kila awamu kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, akiirudisha baada ya miezi mitatu. Kila awamu imezaa riba ya 180,000. Mwaka ukiisha amelipa riba ya 720,000, na shule ya milioni moja na laki mbili imemgharimu milioni moja na laki tisa na ushee. Kwa pesa hiyo mtoto angeweza kuwa kwenye shule ya daraja la juu zaidi, tena bila kukimbizana na mtu. Tangu mwaka 2018 kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha inayowataka wakopeshaji hawa wawe na leseni, lakini mzazi ambaye mtoto amerudishwa nyumbani asubuhi hajali leseni ya mtu.

Dawa rahisi kuliko zote ni kwenda kwa mhasibu kabla ya Januari na kuomba tarehe zako. Wazazi wengi hudhani jambo hilo ni aibu. Shule nazo zinalipa walimu kila mwezi na mara nyingi hazina akiba. Mhasibu mwenye akili ataipenda ratiba inayofuata giza kuliko ahadi ya tarehe 15 inayovunjwa kila mara. Iandikwe, isainiwe na pande zote mbili. Dawa ya pili ni kikoba. Vikundi vingi huvunja Desemba, pesa inaingia mkononi wiki moja kabla ya Krismasi, na sote tunajua inakokwenda. Kikundi kikikubaliana kuvunja wiki ya kwanza ya Januari, hakuna aliyepoteza hata senti, ila nyama ya sikukuu itapungua.

Sasa swali la jirani: kwa nini ulipe kabisa, wakati shule ya serikali haina ada? Ada ya shule za msingi za umma ilifutwa kuanzia mwaka 2001, ya kidato cha kwanza hadi cha nne Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Lakini ruzuku ya uendeshaji iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi, na 25,000 kwa wa sekondari. Pesa hiyo haiwezi kubeba mlinzi, mpishi, chaki na mitihani ya majaribio, ndiyo maana michango ilitoka kwa mlango wa mbele ikarudi kwa dirisha: uji, rimu za karatasi, na tuisheni ya jioni ambayo kila mtu anaiita ya hiari. Anayelinganisha 1,200,000 na sifuri analinganisha vibaya. Aweke kwanza gharama halisi za Kayumba, yaani shule ya serikali ya mtaani kwake, ndipo atoe.

Kinachonunuliwa hasa ni vitu viwili, na kimoja hakitajwi. Kinachotajwa ni Kiingereza. Shule ya msingi ya umma inafundisha kwa Kiswahili. Sekondari, hata ile ya kata, inafundisha kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akieleza usanisinuru kwa Kiswahili safi darasa la saba anafika kidato cha kwanza na kuwa bubu kwenye somo lile lile. Mtaala ulioanza Januari 2024 umeingiza somo la Kiingereza tangu darasa la kwanza, ila somo moja si sawa na kufundishwa yote kwa lugha hiyo. Kisichotajwa ni malezi. Basi la shule linalombeba mtoto Buhongwa alfajiri na kumrudisha jioni akiwa ameshakula mchana limemwachia mama saa kumi za sokoni. Wakati mwingine hizo saa ndizo zinazolipa ada yenyewe. Sioni ubaya wowote wa mtu kulipia hilo, mradi ajue analipia nini, maana kuna njia za bei nafuu zaidi za kupata mlezi.

Kuhusu matokeo nina tahadhari. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, na nadhani lilifanya vyema. Shule inayomkaririsha au kumwondoa asiyefikisha wastani wake, jambo ambalo serikali imelikemea mara nyingi, itaonekana imefundisha vizuri hata kama imechuja tu. Ukienda kuuliza, usiulize wangapi walipata daraja la kwanza. Uliza wangapi walianza pamoja na hao, na wengine wako wapi.

Tarehe ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni urefu wa safari, na hapa hata wenye mishahara huanguka. Fikiria familia yenye watoto watatu waliopishana miaka mitatu mitatu, na tuiache ada palepale isipande kamwe, jambo ambalo sijaliona Mwanza wala kwingine. Wa kwanza anaanza darasa la kwanza 2026. Ada ni 1,200,000, sawa na laki moja kwa mwezi. Inauma lakini inawezekana. Mwaka 2029 wanakuwa wawili. Kwa mfumo mpya wa miaka sita ya msingi, mwaka 2032 wa kwanza anaingia kidato cha kwanza, wa pili yuko darasa la nne, wa tatu anaanza. Sekondari binafsi tuiweke 2,000,000. Jumla ya mwaka huo ni 4,400,000, zaidi ya mara tatu na nusu ya ile iliyomshawishi mzazi kuchukua fomu. Ndiyo maana kitinda mimba wa familia nyingi anasoma Kayumba huku kaka yake ana sweta lenye nembo, na nyumbani hakuna anayeeleza kwa nini.

Kumtoa mtoto katikati ni gharama nyingine kabisa. Aliyesoma kwa Kiingereza hadi darasa la tatu na kuhamishiwa shule ya Kiswahili darasa la nne anakutana na upimaji wa kitaifa kwa lugha ambayo hakusomea hesabu, kisha kidato cha kwanza anageuzwa tena. Wazazi wengine hulalamika kwamba hata uhamisho kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, hucheleweshwa mpaka deni liishe.

Kwa hiyo nikiulizwa na mwenye kipato kisichotabirika, najibu hivi: kama una uhakika wa kipande kimoja tu, kiweke sekondari. Kwa mfano wetu, miaka sita ya msingi ni 7,200,000. Miaka minne ya sekondari ni 8,000,000. Laki moja ile ile ya kila mwezi, ikiwekwa akiba mtoto akiwa shule ya serikali, inakaribia kulipa sekondari yote kabla hajavaa sare yake, na baada ya mtihani wa msingi Septemba unabaki muda wa kumpeleka kozi ya kujiandaa na kidato cha kwanza. Wenzangu wengine hawakubali. Wanasema msingi ukiharibika sekondari haiutengenezi, na kwa shule zenye watoto wengi mno darasani wana hoja. Kuna kasoro nyingine pia: akiba isiyodaiwa na mhasibu ni ngumu kuwekwa. Basi iwekwe mahali penye ugumu wa kuitoa.

Familia za visiwani zina hesabu yao. Kwa miaka mingi mvuvi wa Ukerewe, Ukara au Kome aliyepata nafasi alimleta mtoto mdogo bweni mjini, kwa sababu kuvuka ziwa kila siku hakuwezekani. Waraka wa Elimu wa mwaka 2023 ulizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali. Binafsi naona uamuzi ulikuwa sahihi kwa mtoto wa miaka sita, lakini bili yake iliangukia kaya: chumba cha kupanga Kitangiri au Mkuyuni, bibi au shangazi wa kukaa na mtoto, chakula cha nyumba ya pili. Hiyo ni ada isiyoandikwa kwenye karatasi yoyote. Wa upande wa Sengerema walau wamepata unafuu. Daraja la Kigongo na Busisi, la kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025 kivuko kilitoka kwenye ratiba ya asubuhi, na shule ya kutwa ng'ambo ya pili imekuwa jambo la kupigiwa hesabu.

Jambo moja lina tarehe. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 wanamaliza la sita mwaka 2027, sambamba na kundi la mwisho la darasa la saba. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza Januari 2028, na madarasa ya kata hayataongezeka maradufu kwa usiku mmoja. Wazazi wenye uwezo kidogo watakimbilia shule binafsi, na shule binafsi zinalijua hilo. Mwenye mtoto kwenye moja ya makundi hayo aulize nafasi na ada ya mwaka huo mapema, aombe jibu la maandishi, na kama ana ng'ombe wa kuuza, amuuze Juni 2027.