Usahihi na Upambanuzi katika Upimaji wa Nuru

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa, afikapo Ruaha Mbuyuni wakati wa jua kali, huweza kuiona lami ya mbele ikimeremeta kama maji na mibuyu ya mbali ikitikisika. Hayo ni mazigazi. Mibuyu imetulia, nuru ndiyo ipindwayo inapopita katika hewa yenye joto lisilo sawa.

Nuru husafiri kwa mawimbi. Sehemu zote za wimbi zilizofikia hatua moja hufanya uso mmoja, ambao twapendekeza uitwe uso wa wimbi. Hewa iliyotulia huuacha laini. Hewa ya mazigazi huukunja.

Ala ya kupimia mikunjo hiyo ina asili yake katika kazi ya Johannes Hartmann wa Ujerumani, aliyetumia bamba lenye matundu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1971 Roland Shack na Ben Platt, huko Arizona, Marekani, waliweka lenzi ndogo ndogo mahali pa matundu. Kila lenzi hutoa nukta moja ya nuru. Nukta ikihama, uhamaji huo huonyesha jinsi uso wa wimbi ulivyoinama hapo. Ala hii hutumika katika darubini za kutazamia nyota na katika upimaji wa macho.

Istilahi mbili zahitaji kutengwa hapa. Usahihi ni ukaribu wa kipimo na ukweli. Upambanuzi ni uwezo wa ala kubainisha vitu vidogo vilivyokaribiana. Rula iliyokatwa ncha yaweza kuwa na alama za milimita na bado ikadanganya kila mara: upambanuzi inao, usahihi haina.

Lenzi zikiongezwa katika eneo lile lile, upambanuzi huzidi, maana mikunjo midogo hubainika. Lakini kila lenzi hupata nuru kidogo zaidi, mahali pa nukta hukadiriwa kwa shida, na usahihi waweza kupungua. Usahihi huongezwa kwa njia nyingine: kuirekebisha ala kwa wimbi ambalo umbo lake lajulikana, na kuchukua wastani wa vipimo vingi.

Basi mfasiri akiandika “usahihi” mahali pa istilahi zote mbili, afisa anunuaye mashine ya kupimia macho ataagiza yenye lenzi nyingi akidhani amenunua ukweli zaidi. Wafasiri na waalimu wanaombwa wazitenge, hasa zinapokutana katika sentensi moja.