Kodi ya Chumba Ikichelewa: Haki na Huruma kwa Mwenye Nyumba wa Mara ya Kwanza



Wapendwa wasomaji, baadhi yetu tumekulia katika nyumba ambazo ada yetu ya shule ilitoka kwenye vyumba viwili vya uani. Mama akipokea kodi, sare inanunuliwa. Kodi ikichelewa, barua ya mkuu wa shule inafika nyumbani. Ndiyo maana tunapoulizwa kama Mkristo anaruhusiwa kumdai mpangaji wake, hatulioni swali hilo kuwa dogo. Upande mmoja kuna familia inayongoja fedha yake halali, na upande wa pili kuna familia inayoogopa kulala nje.

Tutaueleza mfano wa Nyamisati, wilayani Kibiti, mahali ambapo barabara ya kutoka Bungu inaishia majini na abiria wa Mafia wanapanda chombo. Tuseme mjane mmoja amejenga vyumba vinne kwa akiba ya miaka mingi. Ni mara yake ya kwanza kupangisha. Wapangaji wake ni mwalimu, baharia wa boti, mkulima wa korosho na mama anayenunua kamba na samaki. Mwezi wa tatu unaisha, na wawili hawajalipa. Afanye nini?

Kwanza ajue kwa nini kodi imechelewa

Katika delta ya Rufiji watu hawapati fedha kwa kalenda moja. Mwalimu hupokea mshahara mwisho wa mwezi. Mkulima wa korosho huvuna kuanzia miezi ya Septemba na Oktoba, hupeleka mzigo chama cha msingi, kisha husubiri mnada. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, fedha yake haiji siku anayopima korosho, huja baada ya mnada na malipo ya mnunuzi. Baharia na mvuvi hutegemea upepo. Kusi kikivuma, bahari huchafuka na siku za kazi hupungua.

Tena kuna majanga. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na makazi katika Rufiji na Kibiti. Tarehe 4 Mei mwaka huohuo kimbunga Hidaya kikafika Mafia, na safari za majini zikasitishwa. Baharia aliyekosa kodi mwezi ule hakuwa mkaidi, chombo chake kilikuwa kimefungwa ufukweni.

Kwa hiyo mwenye nyumba atofautishe watu watatu: asiyekuwa nacho, anayengoja fedha yake ya msimu, na anayeweza kulipa lakini hataki. Wote watatu wanadaiwa. Namna ya kuwadai ndiyo isiyofanana.

Mkataba kabla ya ufunguo

Ugomvi mwingi wa kodi huanza siku ya kwanza, pale watu wanapokubaliana kwa mdomo tu kwa sababu wanaheshimiana. Heshima ni njema, lakini haikumbuki tarehe. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha. Uandikwe kiasi cha kodi, tarehe ya kulipa, muda wa upangaji, nani analipa umeme na maji, ni siku ngapi za kuvumilia kodi ikichelewa, na kila upande unatoa notisi ya muda gani. Wasaini wote wawili, kila mmoja na shahidi wake, na mwenyekiti wa kitongoji afahamishwe.

Tarehe ya kulipa ifuate kipato cha mpangaji. Kwa mwalimu, siku chache baada ya mshahara. Kwa mkulima, inawezekana kukubaliana kwamba analipa miezi sita kwa pamoja baada ya mnada. Desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele humsaidia mwenye nyumba, lakini humlemea sana anayeanza maisha. Tukiweza kupunguza hapo, tupunguze.

Kila malipo yapate risiti, hata ya daftari. Yakitumwa kwa simu, ujumbe wa muamala utunzwe. Daftari lililoandikwa vizuri humlinda mpangaji dhidi ya mwenye nyumba msahaulifu, na humlinda mwenye nyumba dhidi ya mpangaji mwongo.

Hatua za Mathayo 18

Tunayo ramani nzuri katika Injili ya Mathayo, sura ya 18. Bwana wetu anafundisha kwamba ndugu akikosa, umwendee kwanza ninyi wawili peke yenu. Asiposikia, uende na mmoja au wawili wengine. Asiposikia hao, ndipo jambo lifikishwe mbele ya jumuiya. Utaratibu huo unafaa hata katika kudai kodi.

Hatua ya kwanza ni kumwona mpangaji faragha, siku chache tu baada ya tarehe kupita. Wenye nyumba wapya hukosea hapa. Wanaona haya, wananyamaza miezi mitatu, hasira inajaa, kisha wanapasuka mbele ya watoto na majirani. Deni la mwezi mmoja linazungumzika, la miezi mitano linatisha pande zote. "Shikamoo mama, naomba tuzungumze kidogo kuhusu mwezi uliopita" ni mwanzo unaotosha, ikiwa mpangaji ni mkubwa kwake. Habari hiyo isipelekwe kwenye Jumuiya Ndogondogo wala kwenye kundi la simu. Na kwa kuwa majirani wengi wa delta ni Waislamu, mjane wetu asidai kwa namna itakayofanya watu waseme kwamba Wakristo wanawaonea. Adai kama jirani.

Hatua ya pili ni kuandika mpango wa kulipa. Tuseme kodi ni shilingi 30,000 kwa mwezi na deni ni la miezi mitatu, yaani 90,000. Mpangaji akikubali kulipa 45,000 kila mwezi, 30,000 ni ya mwezi husika na 15,000 inapunguza deni. Baada ya miezi sita deni limekwisha. Mpango huo uandikwe na usainiwe mbele ya shahidi anayeheshimiwa na wote wawili. Anayengoja mnada aandike kwamba atalipa lote akipokea malipo ya korosho.

Hatua ya tatu, ikiwa hayo yameshindikana, ni notisi ya maandishi na kisha vyombo vya sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ina sehemu nzima kuhusu upangishaji, na inamtaka mwenye nyumba atoe taarifa ya maandishi kabla ya kuvunja upangaji kwa sababu ya kodi. Kijijini lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao wasiopungua watatu ni wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Juu yake lipo Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana na baraza likathibitisha hivyo, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa husikilizwa Mahakama Kuu. Mkataba, risiti na mpango wa kulipa ndivyo vitakavyosema huko.

Mambo ya kutokufanya

Tumeona, na wengi mmeona, mwenye nyumba akiweka kufuli juu ya kufuli ya mpangaji, aking'oa mlango au bati, akikata umeme, au akizuia godoro na vyombo. Hayo si kudai haki. Mpangaji ana haki ya kukaa kwa utulivu mpaka upangaji ukomeshwe kwa njia halali, na mwenye nyumba aliyeanza akiwa mdai anaweza kumaliza akiwa mshtakiwa.

Maandiko nayo yamelitazama jambo hili kwa makini ya kushangaza. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inamkataza mdai kuingia nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, mwenyewe amletee. Na kama mdaiwa ni maskini, nguo aliyoiweka rehani irudishwe kabla ya jua kutua, apate kujifunika usiku. Deni linabaki palepale, lakini mlango wa maskini unaheshimiwa.

Je, huruma ni kusamehe kodi?

Wakati mwingine ndiyo. Baharia ambaye chombo kilifungwa kwa kimbunga anaweza kusamehewa mwezi mmoja, na sadaka hiyo ni kubwa kuliko nyingi tunazotoa kanisani. Lakini msamaha uwe uamuzi unaotamkwa: "Mwezi wa tano nimekusamehe, wa sita tuendelee." Kunyamaza huku tunanung'unika si msamaha.

Hata hivyo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika mafundisho juu ya amri ya saba, inaeleza kwamba haki katika mapatano inatudai kulipa madeni na kutimiza tulichokubali kwa hiari (na. 2410 na 2411). Maneno hayo yanamhusu mpangaji Mkristo kama yanavyomhusu mwenye nyumba. Anayenunua simu mpya huku kodi ya mjane imelala anaichukua fedha ya mjane. Namba ya 2409 nayo inawagusa wanaopandisha bei kwa kutumia shida au ujinga wa mwenzao. Mwenye nyumba anayepandisha kodi ghafla kwa sababu mafuriko yamewafukuza watu makwao ajipime hapo.

Mwishoni mwa sura ileile ya Mathayo kuna mtumishi aliyesamehewa deni kubwa, kisha akamkaba koo mwenzake. Tuangalie mwenzake aliomba nini. Aliomba muda tu.

Neno kwa waseminari

Ndugu zetu, siku moja wengi wetu tutakabidhiwa parokia yenye fremu za duka au nyumba za kupangisha. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1284, inamtaka msimamizi wa mali kukusanya mapato kwa usahihi na kwa wakati, kuyatunza, na kuweka hesabu sawasawa. Kanuni ya 1298 inazuia kuwapangisha mali ya Kanisa wasimamizi wenyewe au ndugu zao wa karibu bila ruhusa maalumu ya maandishi, isipokuwa mali yenye thamani ndogo. Paroko anayeona haya kudai kodi ya fremu hatoi sadaka yake mwenyewe, anatoa mali ya waamini. Na paroko anayemfukuza mpangaji bila kumsikiliza atalihubiri Mathayo 18 Jumapili ipi?

Turudi kwa mjane wetu wa Nyamisati. Jioni hii achukue daftari lake, abishe hodi kwa baharia, na asubiri nje mpaka akaribishwe.