Shinikizo la Damu la Mgonjwa wa Parkinson Lipimwe Akiwa Amesimama

Mzee anayetetemeka mkono na kuburuta miguu huonwa na kila mtu. Kisichoonekana ni madhara ya ugonjwa wa Parkinson katika neva zinazoendesha moyo, mishipa ya damu, utumbo na kibofu pasipo sisi kuziamuru. Mzee huyo akianguka alfajiri anapotoka kitandani, jamaa husema ni uzee.

Ugonjwa wenyewe mara nyingi haujulikani. Wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta wagonjwa 33 miongoni mwa wakazi 161,071. Asilimia 78 yao hawakuwa wamewahi kutambuliwa. Sioni sababu ya kudhani kwamba wenzao wa Kimuli, wilayani Kyerwa, hutambuliwa upesi zaidi.

Kipimo cha kwanza cha neva hizo chahitaji saa na mashine ya shinikizo la damu tu. Mgonjwa alale chali dakika 5, kisha apimwe shinikizo na mapigo ya moyo. Asimame, mtu akiwa karibu kumdaka, apimwe tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, kuna tatizo. Mapigo ndiyo yanayodokeza chanzo chake: kwa aliyepungukiwa maji kwa kuhara hupanda sana, bali neva zikiwa na hitilafu hupanda kidogo mno. Namba ya juu ikishuka kwa 30, mapigo yakaongezeka kwa 8 tu, neva zashukiwa. Dawa za kupunguza mapigo huweza kupotosha hesabu hiyo.

Mazoea ya kumpima mgonjwa akiwa ameketi tu yana hatari. Baadhi ya wagonjwa hawa shinikizo lao hupanda wanapolala. Wakiongezewa dawa za kulishusha, huanguka na kuvunjika nyonga. Levodopa nayo yaweza kulishusha, lakini mgonjwa asiiache kwa uamuzi wake.

Aulizwe pia, faraghani, kuhusu mkojo, nguvu za kiume na choo kigumu, ambacho huweza kutangulia mtetemeko kwa miaka mingi. Aulizwe na kizunguzungu baada ya mlo: sahani kubwa ya ndizi, na pombe ya ndizi juu yake, huweza kushusha shinikizo. Ale kidogo kidogo, na aketi ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama.

Dalili hizi zikianza mapema na kwa ukali, na levodopa isisaidie, huenda ni ugonjwa mwingine unaofanana na Parkinson. Apewe rufaa, hata ikibidi hadi Bugando, Mwanza, na barua yake iandikwe vipimo vyote: cha kulala na vya kusimama.