Jinsi kaimati ilivyobadilika ilipofika Pwani

KAIMATI zinazoliwa Mombasa na Lamu wakati wa kufuturu zina asili ya Uarabuni. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiarabu luqaimat, yaani vitonge vidogo.

Katika nchi za Ghuba, vitonge hivyo vya unga wa ngano na hamira humwagiwa asali ya tende. Wagiriki, wanaoviita loukoumades, huvitia asali ya nyuki na mdalasini.

Pwani ya Kenya minazi ni mingi, mitende ni adimu. Ndiposa baadhi ya wapishi hukoroga unga kwa tui la nazi, kisha huzigaagaza kaimati katika shira ya sukari yenye iliki.

Hivyo basi, anayezibeza kuwa si halisi amesahau kwamba mpishi hutumia kilichomo ghalani mwake.